Nilivyoacha Kusema "Faili Limekufa"

Katika ufundi wa kompyuta kuna kauli tuliyorithishana bila kuihoji: faili likishabanwa, kisha likaharibika, limekufa. Nilifundishwa hivyo na aliyenipa kazi hii, naye alikuwa fundi mzuri, na mimi nikawafundisha hivyo vijana waliokuja kukaa nami mezani. Mteja analeta flashi, faili linagoma kufunguka, unajaribu programu ya kwanza, unajaribu ya pili, kisha unamrudishia mali yake na kumpa pole. Tulilichukulia faili lililobanwa kama yai: likishapata ufa, hakuna cha kuokota. Leo siamini hivyo tena. Natoa ushuhuda huu kwa sababu najua mafundi wengi bado wanarudisha flashi za watu kwa pole, na ndani ya flashi hizo kuna kazi za watu na fedha za watu ambazo bado zipo, nzima, zinasubiri mtu wa kuzitoa.

Kilichonigeuza ni kazi ya chama kimoja cha akiba na mikopo mkoani Njombe, ambacho jina lake nalihifadhi. Wanachama wake ni walimu, wakulima wa viazi, wachana mbao, na akina mama wa sokoni wanaoweka kidogo kidogo kila wanapouza. Mfumo wao wa hesabu ulikaa kwenye kompyuta moja iliyogeuzwa seva, chini ya meza ya mhasibu. Masika yale umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo, na siku moja uliporudi uliondoka na diski ya seva. Hilo peke yake lisingekuwa msiba. Kila usiku mfumo ulitoa nakala ya databesi nzima kwa mysqldump, ukaibana kwa bzip2, ukaiandika kwenye diski ya nje juu ya nakala ya jana ili kuokoa nafasi. Lakini diski ya nje nayo ilikuwa imechomekwa hapohapo. Iliwaka, ikaonyesha faili tulilolihitaji, jina lake na ukubwa wake, na tulipoanza kulinakili ikaanza kugonga: tak, tak, tak, kisha kimya, kisha tak tena.

Mhasibu alikuwa mama mtu mzima, mwalimu mstaafu. Alinisikiliza nikimweleza habari ya diski mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Mwanangu, mimi nikiwaambia watu kompyuta imeungua, wao watasikia hela zimeungua." Alikuwa sahihi. Fedha zenyewe zilikuwa benki, salama, senti kwa senti. Kilichokuwa hatarini ni kujua ipi ni ya nani: nani ameweka nini, nani amekopa, nani amemdhamini nani, nani alilipa rejesho kwa wakati na nani alichelewa. Chama cha akiba kikipoteza kumbukumbu hizo kinabaki na fungu la fedha na umati wa watu wenye haki nalo, bila njia ya kuligawa. Vyama huvunjika kwa jambo hilo, na majirani hukaa miaka bila kusalimiana.

Hatua ya kwanza haikuhusu faili kabisa. Diski inayogonga haina muda, na kila jaribio la kulifungua faili ukiwa bado juu yake linaukaribisha mwisho wake. Kwa hiyo kabla ya lolote nilitumia ddrescue, programu ya mradi wa GNU iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz. Uzuri wake uko katika mpangilio wa kazi. Haing'ang'anii mahali palipoharibika mpaka diski izimike. Inachukua kwanza vyote vinavyosomeka kwa urahisi, inaruka palipo pagumu, kisha inarudi kupapembua taratibu, sekta kwa sekta. Wakati wote huo inaandika pembeni ramani ya ilichopata na ilichokosa, hivyo hata ukiizima ukaiwasha kesho inaendelea ilipoishia. Ilipomaliza tulikuwa na taswira ya diski nzima kasoro sekta chache sana, na bahati mbaya kadhaa kati ya hizo zilikuwa ndani ya faili letu. Mahali pa sekta zile pamejaa sifuri tupu. Diski yenyewe ikaingia kabatini, na kuanzia hapo nilifanya kazi kwenye nakala ya nakala. Fundi akitaka kukumbuka jambo moja tu katika haya yote, nashauri liwe hili.

Kisha nikalifungua faili. bzip2 ilikwenda, ikasimama, ikatoa onyo kwamba data haina uzima na huenda faili limeharibika, na ikafuta yote iliyokuwa imeshayaandika. Inafuta kwa makusudi, isikuachie faili nusu ukalidhania kamili. Nadhani hapa ndipo imani ya "limekufa" ilipozaliwa, maana mbele ya macho yako hakibaki kitu. Lakini katika onyo lilelile, chini kabisa, kuna sentensi inayosema unaweza kutumia programu iitwayo bzip2recover kujaribu kutoa data kutoka sehemu zisizoharibika. Mafundi wengi tumeuona ujumbe huo. Unakuja kwa Kiingereza kikavu baada ya habari mbaya, na jicho huishia kwenye habari mbaya. Safari hii, kwa sababu ya yule mama aliyekaa upande wa pili wa meza na daftari lake, niliusoma mpaka nukta ya mwisho.

Na hapa inabidi nieleze kidogo jinsi bzip2 inavyobana, kwa kuwa kilichobadilika kwangu kiko humo.

Msingi wake ni mbinu iliyochapishwa mwaka 1994 na Michael Burrows na David Wheeler, Burrows wakati huo akiwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya DEC huko Palo Alto, California. Wheeler, Mwingereza wa Cambridge, alikuwa ameigundua tangu 1983. Wazo lenyewe ni zuri ajabu. Chukua maandishi, yazungushe kwa kila namna yanavyoweza kuzungushwa, uyapange mizunguko yote kwa alfabeti, kisha ubaki na safu ya mwisho tu ya herufi. Tuseme maandishi yako yamejaa maneno "wanachama" na "mwanachama", kama yalivyo ya chama cha akiba. Mizunguko yote inayoanza na "anachama" itajipanga pamoja, na herufi iliyotangulia kila mmoja wao ni w. Safu ya mwisho itakuwa na w, w, w, w mamia kwa mfululizo, na kitu kinachojirudia hivyo kinabanika mno. La kushangaza zaidi ni kwamba kutoka kwenye safu hiyo moja, pamoja na namba moja ya kuonyesha pa kuanzia, unaweza kuyarudisha maandishi ya awali yote, herufi kwa herufi.

Julian Seward, aliyetoa toleo la kwanza la bzip2 Julai 1996, hakuibana data yote kwa mkupuo. Aliikata vipande, kila kimoja kikiwa na hadi baiti 900,000 katika matumizi ya kawaida, na kila kipande kinabanwa peke yake, bila kukitegemea kilichotangulia wala kinachofuata. Mwanzoni mwa kila kipande aliweka alama ya biti 48. Ukiiandika alama hiyo kwa tarakimu inasomeka 314159265359. Ni pai, ile ya eneo la duara tuliyofundishwa shuleni kuwa 22 juu ya 7. Baada ya pai inafuata namba ya uhakiki ya biti 32, ambayo kwayo kipande kinaweza kujithibitisha kuwa ni kizima bila kumuuliza mwenzake. Na mwisho wa faili lote kuna alama nyingine, 177245385090, ambayo ni kipeuo cha pili cha pai. Tarakimu ndefu kiasi hicho hazitokei katikati ya data kwa bahati tu, au zinatokea kwa nadra kiasi kwamba haina haja ya kuhofia.

Mtu aliyekuwa akiandika programu ya kupunguza ukubwa wa mafaili alitenga muda wa kufikiria siku ambayo faili litavunjika mikononi mwa mtu asiyemjua, na akaacha ndani yake alama za kuanzia upya. Jambo hilo lilinigusa na bado linanigusa. Kama si alama zile, wanachama wale wa Njombe wangekuwa kwenye mgogoro hadi leo.

Sasa bzip2recover hufanya nini? Haifumui chochote. Inapita juu ya faili biti kwa biti ikitafuta pai. Lazima iwe biti kwa biti, kwa sababu vipande haviishii kwenye mpaka wa baiti. Kipande kinaweza kuanza katikati ya baiti, na mtu akitafuta alama ile kwa njia ya kawaida ya kutafuta maneno ataambulia cha kwanza tu na kudhani vingine havipo. Kila inapoikuta alama, inakata, na kila kipande inakiandika kama faili dogo linalojitegemea, lenye kichwa chake na mkia wake: rec00001, kisha rec00002, na kuendelea. Sifuri zile za mbele zimewekwa ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano.

Niliandika amri, nikabonyeza. Mstari wa kwanza ulisema kipande cha kwanza kinaanzia biti ya 80. Nilifurahi kuielewa namba hiyo: biti 32 za kichwa cha faili na 48 za pai, jumla 80. Yaani mwanzo wa faili ulikuwa mzima. Mistari ikaendelea kuporomoka, kipande baada ya kipande, zaidi ya mia mbili, na mama mhasibu, ambaye hakuwa akielewa maneno yale, alianza kuyahesabu kwa kidole. Kisha nikaamuru bzip2 ivipime vyote. Katika kupima, kipande kizima hakisemi kitu. Kinachopiga kelele ni kibovu. Tulikaa tukisubiri kelele. Zilitoka tatu.

Vipande vitatu kati ya mia mbili na zaidi. Faili ambalo saa moja nyuma lilikuwa limefutwa mbele yetu lilikuwa zima karibu lote.

Lakini sitaki mtu asome hapa akadhani hasara ilikuwa ndogo kwa sababu uharibifu ulikuwa mdogo. Ndani ya kipande hakuna kuokota. Ile safu ya herufi ya Burrows na Wheeler inarudishika ikiwa kamili tu. Ikikosekana sehemu yake, mnyororo wa kurudi nyuma unakatika na kila kitu kinavurugika. Kwa hiyo sekta moja iliyokufa, baiti 4,096, inaondoka na baiti 900,000 za maandishi. Ndiyo maana mwongozo wa programu yenyewe unasema haina maana kuitumia kwa faili lenye kipande kimoja, na unashauri kwamba mwenye hofu ya uharibifu abane kwa vipande vidogo zaidi, hadi baiti 100,000, akubali faili liwe kubwa kidogo. Kwa chama cha watu wa akiba, mimi naona ushauri huo haupaswi hata kujadiliwa. Nafasi ya diski ni rahisi kuliko miezi kadhaa ya miamala.

Swali likawa: vipande vile vitatu vilibeba nini? Nikavifumua vizima, nikaviunganisha, nikaenda kutazama mishono. Viwili viliangukia kwenye jedwali la kumbukumbu za matumizi, lile linaloandika nani aliingia kwenye mfumo saa ngapi na akabonyeza wapi. Jedwali hilo huwa refu kuliko mengine yote na hakuna aliyelililia. Cha tatu kiliangukia kwenye jedwali la miamala.

Mshono wa hapo naukumbuka ulivyoonekana. Upande wa juu, mstari wa mwisho ulio kamili ulikuwa na namba 48,213. Ukafuata ulioanza na 48,214, ukafika kwenye tarehe ya katikati ya Machi, na hapo ukakatika, tarehe yenyewe ikiwa haijaisha kuandikwa. Upande wa chini maandishi yalianza katikati ya muamala wa mtu mwingine, sifuri mbili za senti, mabano, mkato, kisha mstari kamili wa kwanza: 61,907, mwanzoni mwa Julai. Kati ya namba hizo mbili kulikosekana miamala 13,693. Databesi ile ilikuwa ikitoa namba kwa mfuatano, bila kuruka wala kurudi, na kwa hiyo iliweza kutuambia kwa uhakika kabisa kilichopotea kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Niliondoa mistari miwili iliyokatika, nikafunga maelezo ya juu kwa nukta mkato, nikaandika upya amri ya kuingiza kwa yale ya chini, na databesi ikayapokea yote. Kazi hiyo ya mishono ndiyo inayowashinda wengi. Wanaunganisha vipande, wanavilisha kwenye mfumo, mfumo unakataa kwenye mshono wa kwanza, nao wanasema, tulikwambia, limekufa. Halijafa, linahitaji mtu akae nalo na macho.

Nilimwandikia mhasibu kwenye karatasi: kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, miamala 13,693, mingine yote ipo. Aliisoma, akaivua miwani, akasema, "Basi hili linasemeka kwa watu." Nimelifikiria neno lake mara nyingi. Mpaka siku ile nilikuwa nikipima kazi ya kuokoa data kwa kiasi kilichopatikana. Yeye aliona thamani mahali pengine: katika kujua mpaka. Hasara isiyojulikana mwisho wake inaambukiza kila kitu, hata kile kilicho kizima, maana hakuna atakayekiamini. Ukiweza kusema pengo linaanzia hapa na kuishia pale, yote yaliyo nje ya pengo yanarudi kuwa hesabu halali.

Na kumbe hata ndani ya pengo tulikuwa na mwanga. Aliyetengeneza mfumo ule alikuwa ameweka, kwenye kila mstari wa muamala, salio la mwanachama baada ya muamala huo. Kwa hiyo kwa kila mwanachama tulichukua mstari wake wa mwisho kabla ya pengo na wa kwanza baada ya pengo, tukafanya hesabu ya kurudi nyuma, na tukajua jumla ya kilichoongezeka au kupungua katika miezi ile. Ambaye hakuwa na muamala wowote baada ya Julai, salio lake lilikuwa kwenye jedwali la wanachama, ambalo lilipona lote. Hakuna mtu aliyepoteza shilingi. Kilichopotea ni historia: siku gani, kwa mafungu mangapi, akiba ngapi na rejesho ngapi.

Historia hiyo ilikuwa mikononi mwa wanachama wenyewe. Chama kilitoa tangazo makanisani, misikitini, shuleni na sokoni: kila mmoja alete kitabu chake cha akiba na stakabadhi za Machi hadi Julai. Walikuja. Wengine walikuja na stakabadhi zimekunjwa ndani ya leso, wengine wamezibandika kwenye madaftari ya watoto. Mama mmoja mkulima wa viazi alitoka mbali, akasalimu "kamwene" kwa kila mtu chumbani bila kuruka hata mmoja, akafungua mfuko wa nailoni ndani ya mfuko wa nailoni, akatoa kitabu kisicho na kovu. Mfumo ulikuwa unamwonyesha mkopo uliolipwa, basi, bila kuonyesha alilipa lini. Kitabu kilionyesha marejesho manne, kila moja kabla ya tarehe yake, na muhuri na sahihi ya keshia. Kijana aliyekuwa akiingiza data alimwomba akisome kwa sauti ili wahakikishe pamoja, naye akakisoma taratibu, tarehe kwa tarehe, kwa fahari ya mtu anayejua kwamba hakuchelewa.

Tangu wakati ule nafanya kazi tofauti. Mtu akileta faili lililogoma, simwambii lolote mpaka nijue ni la aina gani, kwa kuwa kila aina huvunjika kwa namna yake. Faili la zip, kwa mfano, lina orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa. Mtu akichomoa flashi kabla uandishi haujaisha, orodha hiyo inakosekana, na programu nyingi zinasema hili si faili la zip. Lakini ndani yake kila kitu kilichobanwa kina kichwa chake kinachoanza na herufi PK, za Phil Katz aliyeanzisha umbo hilo, na programu ya zip ikipewa chaguo la -FF inapita kutafuta vichwa hivyo na kujenga orodha upya. Nimewarudishia walimu mitihani ya muhula kwa njia hiyo, na bwana harusi mmoja picha zake karibu zote.

Kwa gzip nina habari ngumu zaidi. Umbo lake, lililotoka mwaka 1992 kwa kazi ya Jean-loup Gailly na Mark Adler, halina alama za aina ile. Linabana kwa kurejea nyuma: badala ya kuandika neno tena linasema nenda nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa, na linaweza kurejea hadi baiti 32,768 nyuma. Jeraha likitokea katikati, yaliyo kabla yake yanapatikana bila shida. Yaliyo baada yake yanakuwa yanarejea mahali pasipokuwepo. Ipo programu iitwayo gzrecover inayojaribu kuruka jeraha na kushika tena mbele, na ikiwa ndani kuna faili la tar, programu ya cpio inaweza kuruka vichwa vilivyovurugika na kuendelea na mafaili yanayofuata. Huwa napata sehemu. Mara nyingine napata robo. Mara nyingine sipati, na hapo namweleza mwenye mali nimejaribu nini na kwa nini haikuwezekana, kwa maneno anayoweza kuwaeleza wa nyumbani kwake.

Chama chenyewe kilibadili mambo kwa kasi niliyoifurahia. Nakala haziandikwi tena juu ya ya jana. Zinakaa za siku, za wiki na za mwezi. Diski mbili zinabadilishana, na iliyo zamu ya kupumzika inakaa nyumba nyingine, haijachomekwa popote. Kila nakala inapimwa asubuhi kwa bzip2 -t na keshia kijana, ambaye sasa anajua maana ya ukimya wa amri hiyo. Na kwa kila nakala ya mwezi tunatengeneza mafaili ya par2, yanayotumia hesabu walizochapisha Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Kwa hesabu hizo, ukiongeza asilimia kumi ya ukubwa, unaweza kupoteza karibu kiasi hicho cha faili, popote pale, na kukirudisha kikamilifu, hata kikiwa katikati ya kipande cha bzip2. Kwa kumbukumbu za muda mrefu nimewashawishi watumie lzip, pia ya Antonio Díaz Díaz, kwa sababu lziprecover inaweza kuchukua nakala mbili za faili moja zilizoharibika mahali tofauti na kuzaa moja nzima. Wapo wanaoona haya ni mengi kwa chama cha mjini kwetu. Mimi huwaambia waende wakamwone mama wa viazi na mifuko yake miwili ya nailoni.

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, mhasibu alisoma taarifa yote bila kuficha: tarehe za pengo, idadi ya miamala, ngapi imethibitishwa kwa vitabu na stakabadhi, ngapi haijathibitishwa. Iliyobaki bila uthibitisho ilikuwa sehemu ndogo, na mingi ilihusu marejesho ya mikopo ambayo jumla yake ilijulikana lakini tarehe yake haikujulikana. Mwanachama mmoja akauliza faini za kuchelewa za miezi ile zitakuwaje. Palitokea mabishano. Wengine walitaka kila asiye na stakabadhi atozwe, wengine wakasema stakabadhi huliwa na panya na watoto huzichana. Mwishowe mkutano ukapiga kura kwamba pale tarehe isipothibitika, hakuna faini, na kwamba miamala hiyo iandikwe kwenye mfumo kwa tarehe ya mkutano, na maelezo mbele yake kuwa imerejeshwa kwa hesabu ya salio. Nilikaa na keshia wiki iliyofuata tukaiingiza yote, na mkaguzi alipokuja aliikuta, akaisoma ukurasa kwa ukurasa, akaipitisha.